Mwongozo wa kutambua chanzo cha milio isiyo ya kawaida kwenye difu ya nyuma na propela

Mlio unaosikika upande wa nyuma wa gari huwahi kutupiwa difu, yaani ganda lenye gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Difu hushushwa, hufunguliwa, pengine hubadilishwa nzima, kisha gari hurudi barabarani na mlio uleule, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa tairi lililolika vibaya au beringi ya gurudumu. Hasara hiyo inaepukika, kwa sababu kila kipande cha mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu hulia kwa masharti yake. Kipo kinacholia gari linapovuta tu, kipo kinacholia dereva anapoachia mafuta, kipo kinacholia kwenye kona peke yake, na kipo kisichojali lolote kati ya hayo isipokuwa kasi ya gari. Anayeyajua masharti hayo anaweza kupunguza washukiwa hadi wawili au mmoja kabla hajalegeza nati hata moja.

Maelezo yanayofuata yanahusu hasa gari lenye injini mbele, propela shafti (bomba refu linalozunguka kupeleka nguvu nyuma) katikati na difu nyuma. Magari yanayovuta magurudumu yote manne yametengewa sehemu yake kuelekea mwisho, kwa kuwa yana milio ya ziada na hatari za ziada.

Kwanza, elewa nini kinazunguka na kwa kasi gani

Nguvu hutoka kwenye gia boksi, ikapita kwenye propela, ikaingia ndani ya difu kupitia pinioni, ambayo ni gia ndogo inayosukuma gia kubwa iitwayo krauni. Krauni imefungwa kwenye kizimba chenye gia nyingine ndogo ndani yake, na gia hizo ndizo zinazogawa nguvu kwa ekseli ya kushoto na ya kulia, ili gurudumu la nje liweze kuzunguka zaidi ya la ndani gari linapokata kona.

Mambo mawili katika mpangilio huo ndiyo msingi wa uchunguzi wote. La kwanza ni kwamba pinioni huzunguka mara kadhaa, mara nyingi kati ya tatu na nne na ushei, kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo beringi za pinioni hulia kwa sauti ya juu zaidi kuliko beringi za kizimba na za magurudumu, ambazo zinazunguka polepole. La pili ni kwamba gia ndogo zilizomo ndani ya kizimba hazizunguki kwenye mhimili wake gari linapokwenda moja kwa moja. Zinabebwa tu pamoja na kizimba. Mlio unaosikika kwenye barabara iliyonyooka, basi, hauwezi kuwa wa gia hizo, hata fundi akisisitiza namna gani.

Hatua ya 1: Uliza historia ya gari

Kabla ya kuliwasha, tafuta majibu ya maswali machache. Mlio ulianza ghafla au umekuwa ukiongezeka taratibu? Matairi yalibadilishwa lini, na je, yote yana ukubwa mmoja? Gari limevuka maji yenye kina? Limevuta trela au kubeba mzigo mzito mfululizo? Oili ya difu ilibadilishwa lini, na ilikuwa ya aina gani?

Swali lenye thamani kuliko yote ni kama sili ya pinioni, yaani kizibo kinachozuia oili isivuje, iliwahi kubadilishwa. Katika difu nyingi, nati kubwa ya pinioni haikai tu kama kishikizo. Mkazo wake ndio unaoweka mbano sahihi kwenye beringi za pinioni, na chini yake huwa na bomba fupi la chuma laini linalobonyea kwa kipimo maalumu. Anayebadilisha sili kisha akaikaza nati hiyo kwa nguvu zake zote huzibana beringi kupita kiasi. Anayeiacha ikiwa legevu huipa pinioni nafasi ya kucheza. Gari lililoanza kuvuma siku chache baada ya sili kubadilishwa limekwisha kueleza nusu ya ugonjwa wake.

Hatua ya 2: Yaondoe matairi kwenye orodha

Matairi ndiyo yanayoanza kuchunguzwa, kwa kuwa ni mepesi kuyakagua na ndiyo yanayodanganya zaidi. Tairi lililolika kwa mawimbi hutoa mvumo unaofanana mno na wa beringi mbovu, au hata wa difu. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kwanza kuelekea mbele kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno yanayokwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine, au mabonde yanayofuatana, umempata mshukiwa wa kweli. Angalia pia kama kuna jiwe lililokwama kwenye mifereji ya tairi, kwani hutoa mlio mdogo wa kugonga wa mara kwa mara ambao wengi wameuchukulia kuwa jino la krauni lililovunjika.

Kipimo cha barabarani ni rahisi. Pita kwenye lami mbaya, kisha kwenye lami laini au saruji, kwa kasi ileile. Mlio wa tairi hubadilika uso wa barabara unapobadilika, ilhali mlio wa difu hubaki vilevile. Kinyume chake, mlio wa difu aghalabu hubadilika dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, lakini tairi halijui kama injini inavuta au haivuti. Ukibaki na shaka, hamisha matairi ya nyuma yaende mbele na ya mbele yaje nyuma, kisha usikilize kama mlio nao umehama.

Hatua ya 3: Jaribio la barabarani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo haifai kufanya haraka. Endesha gari kwa dakika 15 hadi 20 kwanza, ili oili ya difu ipate moto, maana oili baridi ni nzito na huficha milio midogo. Zima redio na feni, funga vioo, na umweke mtu wa pili kwenye kiti cha nyuma asikilize na kuandika. Dereva asiwe mwandishi. Chagua barabara tambarare, isiyo na msongamano, ambamo mwendo unaweza kubadilishwa bila kumhatarisha mtu.

Gari lipitishwe katika hali nne, kwa kasi zilezile kila mara. Hali ya kwanza ni kuvuta, yaani kukanyaga mafuta kwa kiasi cha kuongeza mwendo bila kishindo. Ya pili ni kushikilia mwendo mmoja. Ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kukanyaga kidogo mno kiasi kwamba injini haivuti gari wala hailizuii. Katika hali hiyo meno ya pinioni na krauni hayakandamizani upande wowote. Ya nne ni kuachia mafuta kabisa gari likiwa kwenye gia, ili injini ilizuie. Kwa kila hali, msikilizaji aandike kasi mlio unapoanzia, kasi unapokuwa mkali zaidi, na kasi unapopotelea. Aandike pia kama ni mvumo mwembamba, mngurumo mzito, mkwaruzo, mlio wa kugonga au kishindo kimoja.

Baada ya hapo lipime gari kwenye kona. Katika eneo pana lililo wazi, zunguka polepole kushoto, halafu kulia, usukani ukiwa umekatwa karibu mwisho. Kisha, kwa mwendo wa wastani kwenye barabara tupu, yumbisha gari kwa upole kushoto na kulia ili uzito uhame kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 4: Tenganisha injini na gia boksi

Simamisha gari, liweke nyutro, vuta breki ya mkono, kisha pandisha injini hadi mizunguko ileile iliyokuwapo mlio uliposikika barabarani. Mlio ukitokea gari likiwa limesimama, propela na difu hazihusiki, kwa kuwa hazizunguki. Tafuta kwenye injini, kwenye vifaa vinavyoendeshwa na mkanda, au kwenye bomba la moshi linalogusa mwili wa gari.

Kisha, ukiwa barabarani, shikilia kasi ambayo mlio husikika na ubadilishe gia. Mlio ukibaki na sauti ileile ingawa mizunguko ya injini imebadilika, chanzo kiko baada ya gia boksi: propela, difu, ekseli au magurudumu. Ukipanda na kushuka pamoja na injini, chanzo kiko upande wa injini au ndani ya gia boksi. Kwenye gia boksi nyingi za mkono za magari yanayovuta nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kupita kwenye jozi za gia za pembeni, hivyo mlio unaotoweka au kupungua sana kwenye gia ya nne peke yake unaelekeza kwenye gia boksi, si difu.

Kipo pia kipimo cha nyutro. Gari likiwa kwenye kasi ambayo mlio husikika, liweke nyutro kwa muda mfupi na uliache lijiendee, injini ikiendelea kuwaka. Injini isizimwe kamwe gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani na breki hupoteza msaada wake. Mlio ukiendelea bila mabadiliko, washukiwa wakuu ni matairi na beringi za magurudumu. Ukinyamaza, chanzo ni kitu kinacholia tu kinapobeba nguvu, na hapo meno ya krauni na pinioni hupanda juu kwenye orodha.

Hatua ya 5: Beringi za magurudumu

Beringi ya gurudumu hunguruma kwa uzito unaolingana na kasi, na haijali mafuta yamekanyagwa au yameachiwa. Kinachoifichua ni kuyumbisha gari. Ukikata kushoto, uzito huhamia upande wa kulia. Mngurumo ukiongezeka hapo na kupungua ukikata kulia, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kanuni hii si ya kuaminiwa kwa upofu, kwa kuwa ziko beringi mbovu zisizobadilika sauti hata kidogo kwenye kona.

Kwa sababu hiyo thibitisha gari likiwa limenyanyuliwa. Zuia magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma kwa jeki, kisha uliweke gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Zungusha kila gurudumu kwa mkono huku mkono wa pili ukiwa umeshika springi au kipande cha chuma kilicho karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukwaruzo wa beringi husafiri kwenye chuma na huhisiwa vidoleni kabla haujasikika masikioni. Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo wowote unaohisiwa unahitaji maelezo. Chunguza vilevile breki, maana bati la kukinga vumbi likipinda kidogo na kugusa diski hutoa mkwaruzo mkali wa kuogofya ambao dawa yake ni kulivuta bati hilo kwa vidole.

Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, pima habu zote mbili za nyuma mara tu baada ya safari. Usihangaike na tarakimu yenyewe, linganisha pande mbili. Habu iliyo moto zaidi ya mwenzake ina beringi inayokufa au breki inayoshika.

Hatua ya 6: Usome mlio wenyewe

Ikiwa matairi, injini, gia boksi na beringi za magurudumu vimeondolewa, yaliyoandikwa barabarani yanaanza kusema.

Mvumo mwembamba unaosikika wakati wa kuvuta tu, ukanyamaza ukiachia mafuta, unatoka kwenye upande wa meno ya krauni unaobeba nguvu ya kwenda mbele. Upande huo unaweza kuwa umelika, au pinioni imekaa kwa kina kisicho sahihi. Mvumo unaosikika unapoachia mafuta tu una maana mbili: upande wa pili wa meno umelika, au pinioni imelegea na sasa inavutwa mbele na nyuma kila mzigo unapogeuka. Maana hii ya pili ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu ni ya haraka kuipima na ni ya hatari zaidi kuachwa. Mvumo unaojitokeza katika ile hali ya tatu peke yake, injini isipovuta wala kuzuia, mara nyingi huashiria mwanya wa meno usio sahihi au beringi za pinioni zilizopoteza mbano wake.

Mvumo wa meno aghalabu huwa mkali ndani ya kipande fulani cha mwendo, ukapungua juu na chini ya hapo. Mngurumo wa beringi hauko hivyo. Huanza kwa chini na kukua kadiri kasi inavyokua, bila kuruka. Mngurumo wa sauti ya juu kiasi, unaobadilika kidogo kati ya kuvuta na kuachia, ni wa beringi za pinioni; ule mzito na wa taratibu ni wa beringi za kizimba, na huo hufanana na wa beringi ya gurudumu kiasi kwamba hatua ya 5 haiwezi kurukwa.

Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo sawasawa unahitaji kuhesabiwa. Mpigo mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu unaelekeza kwenye jino lililovunjika la krauni, au kitu kilichonasa kwenye tairi. Mpigo mmoja kwa kila mzunguko wa propela unaelekeza kwenye pinioni. Sukuma gari polepole mahali tambarare huku mwenzako akitazama alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, na jibu litapatikana bila chombo chochote.

Mlio wa kwenye kona peke yake ndio unaowahusu wale wa ndani ya kizimba: gia ndogo, washa zake, na pini inayozibeba. Lakini ikiwa difu ni ya aina yenye klachi ndani, iliyotengenezwa kuzuia gurudumu moja lisizunguke ovyo, kutetemeka kwa “grrr-grrr” kwenye kona za polepole mara nyingi husababishwa na oili isiyo na kiungo cha kulainisha msuguano wa klachi hizo. Difu ya namna hiyo isifunguliwe kabla ya kumwaga oili, kuweka iliyo sahihi pamoja na kiungo chake, na kuizungusha gari polepole kwa mwendo wa namba nane mara kadhaa ili oili iingie kati ya sahani.

Kishindo kimoja wakati wa kuondoka au kubadili gia

Kishindo, ile “ko!” inayosikika unapoondoka, unapotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele, au unapoachia na kukanyaga mafuta kwa ghafla, ni mlio wa mianya inayofungwa mmoja baada ya mwingine kati ya injini na tairi. Kila jointi, kila gia na kila bushi ina mchango wake, na mianya midogo mitano iliyo ndani ya kipimo inaweza kutoa kishindo kikubwa kuliko kitu kimoja kibovu. Ndiyo maana kubadilisha difu kwa sababu ya kishindo peke yake ni uamuzi ninaoutilia shaka karibu kila mara.

Anza na jointi za propela, zile zenye kipande cha umbo la msalaba. Gari likiwa limezimwa, magurudumu yamezuiwa, na gia iko nyutro, shika propela upande mmoja wa jointi kwa mkono mmoja na upande wa pili kwa mkono mwingine, kisha uzungushe kinyume kwa kinyume na kusukuma juu na chini. Jointi nzima haina mchezo wowote wa kuhisiwa. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake ni ushahidi kwamba grisi imekwisha na sindano za ndani zinakauka. Jointi kama hiyo hulia “kwi-kwi-kwi” kwa mwendo wa polepole, hasa gari linapoanza kuondoka au kurudi nyuma.

Kagua halafu sehemu ya propela inayoteleza ndani ya gia boksi au kwenye mfereji wake, kwani ikikosa grisi hushika kisha huachia kwa ghafla, na kishindo chake huja sekunde chache baada ya gari kusimama au wakati wa kuondoka tena. Endelea na mauntingi (vishikizo vya mpira) za gia boksi, bushi za mikono inayoshikilia ekseli, boliti za springi, na kwa gari ambalo difu yake imefungwa kwenye mwili, mauntingi za difu yenyewe. Bushi iliyopasuka huiacha difu nzima ijipinde kila mafuta yanapokanyagwa. Mwisho kabisa, zungusha propela kushoto na kulia magurudumu yakiwa yamezuiwa na uone inacheza kiasi gani kabla ya kukutana na meno.

Mtetemo usio mlio

Mtetemo unaohisiwa kwenye sakafu na kiti kwa kasi fulani tu, ukapungua gari likizidi hapo, hutoka kwenye propela mara nyingi kuliko difu. Tafuta kipande cha chuma cha kusawazisha kilichong'oka, ambacho huacha alama ya kulehemu palipokuwa pake, bomba lililobonyea, au tope lililokauka upande mmoja. Kama propela iliwahi kushushwa, hakikisha kwamba masikio ya jointi za ncha zake mbili yamekaa katika mstari mmoja kama mtengenezaji alivyoyapanga, kwa sababu jointi ya msalaba inayofanya kazi kwa pembe huongeza na kupunguza kasi mara mbili kwa kila mzunguko, na mpangilio sahihi ndio unaozifanya jointi mbili zifutane makosa. Kila anayeshusha propela apige alama za rangi kwanza.

Propela ya vipande viwili ina senta beringi katikati. Mpira wake ukichoka, gari hutikisika kwa uzito linapoondoka na mzigo, kisha hutulia. Beringi yenyewe ikichakaa, hunguruma kwa kasi ya propela.

Hatua ya 7: Hesabu ya sauti, kwa anayetaka uhakika zaidi

Simu yenye programu ya kuchora masafa ya sauti ni chombo kizuri kuliko inavyodhaniwa. Chukua gari lenye tairi ambalo mzunguko wake ni kama mita 2, krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kwa sekunde, hivyo gurudumu huzunguka mara 11 kwa sekunde. Propela, kwa uwiano wa 4.1, huzunguka mara 45 au 46. Meno ya krauni na pinioni hukutana mara 455 kwa sekunde.

Kilele kwenye mchoro karibu na hezi 455 ni sauti ya meno. Kilele karibu na hezi 45 ni propela isiyo na usawa, na kilele mara mbili ya hapo, karibu na hezi 91, kinaelekeza kwenye jointi au pembe zake. Kilichopo karibu na 11 hakitanaswa vizuri na kipaza sauti kidogo cha simu. Hicho huhisiwa mwilini, na ni cha gurudumu au tairi. Rudia kipimo kwa kasi nyingine: kilele cha kweli husogea kwa uwiano uleule.

Hatua ya 8: Oili inasema nini

Fungua nati ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Nati ya kujazia ikigoma kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari limekwama hapo lilipo. Gari likiwa kwenye usawa, oili inapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, au kipimo kingine ambacho mtengenezaji ameandika.

Angalia sumaku ya nati ya kumwagia, kama ipo. Unga laini wa kijivu unaofanana na grisi ni uchakavu wa kawaida. Magamba yanayong'aa ni beringi inayobanduka uso wake, na kipande chenye umbo la jino hakihitaji tafsiri. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi. Kama sili zinavuja bila sababu ya wazi, kagua kipumulio kilicho juu ya ganda la difu, kwa kuwa kikiziba, hewa iliyopata moto husukuma oili ipite kwenye sili.

Aina ya oili si jambo la kukisia. Tangu Packard ilipoanza kutumia gia za haipoidi kwenye magari yake mwaka 1926, difu nyingi za nyuma zina pinioni iliyoshushwa chini ya kitovu cha krauni, na meno yake huteleza sana yanapokutana. Mtelezo huo huhitaji oili ya kuhimili mgandamizo mkubwa, kwa kawaida ya daraja la GL-5, yenye unene kama 75W-90 au 80W-90 kwa mujibu wa kitabu cha gari. Oili hiyo isipelekwe kwenye gia boksi ya mkono inayotaka GL-4 eti kwa kuwa imebaki, kwani viungo vyake vinaweza kudhuru shaba ya vilinganishi vya gia.

Hatua ya 9: Ikiwa lazima difu ifunguliwe

Pima kabla ya kutenganisha chochote, maana difu iliyokwisha kutenganishwa haiwezi tena kueleza ilikuwa imekaaje. Kwa saa ya kupimia, pima mwanya wa meno kati ya krauni na pinioni katika sehemu kadhaa za mzunguko; difu nyingi za magari madogo hukaa kati ya milimita 0.13 na 0.20, lakini kipimo cha mtengenezaji ndicho cha mwisho. Mwanya unaobadilika sana kutoka sehemu moja hadi nyingine una maana kwamba krauni imepinda au imefungwa juu ya uchafu. Paka rangi ya kuonyesha mguso kwenye meno machache, zungusha huku ukizuia kidogo, na uone alama imekaa wapi. Alama iliyokaa katikati ya jino ni njema. Iliyopanda kwenye ncha au kushuka kwenye shina inaonyesha kina cha pinioni kisicho sahihi.

Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huwa jozi. Kubadilisha moja na kuiacha nyingine ni kununua mlio mpya. Bomba la kubonyea lililo chini ya nati ya pinioni hubadilishwa kila pinioni inapotolewa. Kazi hii ya kupanga kina, mwanya na mbano inahitaji vipimo na mazoea, na asiye na vyote viwili afanye uchunguzi hadi hatua ya 8, kisha ampelekee fundi wa difu maandishi yake.

Magari yanayovuta magurudumu manne

Gari lenye transfa ya kuchagua, yaani gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, likiendeshwa kwenye lami kavu huku magurudumu yote manne yamefungwa pamoja, litagonga, litajikaza na kurukaruka kwenye kona. Huo si ubovu wa difu. Ni propela mbili zinazolazimishwa kuzunguka sawa wakati barabara haitaki. Kwenye magari yanayovuta yote manne wakati wote, matairi yaliyolika kwa viwango tofauti huleta mkazo wa namna hiyohiyo, na kwa muda mrefu huharibu kiunganishi cha katikati. Difu iliyofungwa kwenye mwili huwa na ekseli fupi zenye jointi zilizofunikwa kwa mpira; mpira ukipasuka na grisi ikarushwa pembeni, jointi hukauka na kuanza kugonga gari linapovuta.

Tahadhari moja haina mjadala. Gari lenye difu ya klachi, difu loki (inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja) au mvuto wa magurudumu manne lisiwashwe na kutiwa gia huku baadhi ya magurudumu tu yakiwa yamenyanyuliwa, kwa sababu gurudumu lililobaki chini linaweza kulisukuma gari litoke kwenye stendi. Zungusha kwa mkono.

Lini gari lisiendelee kutumika

Mvumo mwembamba uliokaa miezi mingi bila kubadilika unaweza kusubiri nafasi, mradi oili iko kwenye kipimo chake. Havisubiri vitu vinne: jointi ya propela yenye mchezo, kwa kuwa propela ikikatika mbele inaweza kuchimba barabara gari likiwa kwenye mwendo, pinioni inayocheza ukiitikisa kwa mkono, mkwaruzo wa chuma kwa chuma unaokua siku hadi siku, na difu iliyoishiwa oili, hata kama bado haijalia.

Baada ya krauni na pinioni mpya kufungwa, meno yanahitaji kuzoeana. Katika safari za kwanza endesha kwa mwendo wa wastani, simama kila baada ya muda na uiache difu ipoe, usivute trela wala kubeba mzigo mkubwa, kisha mwaga oili ile ya kwanza mapema kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji wa gia. Siku hiyohiyo rudi kwenye barabara ileile ya jaribio, na msikilizaji yuleyule, mkiwa na karatasi ya hatua ya 3 mkononi, na mpite tena katika hali zote nne.